Uzi: Asbesto katika viwanda vya meli, ugonjwa unaochelewa na muda wa kudai usiosubiri

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu kwa ajili ya watu waliofanya kazi katika viwanda vya meli na vyelezo, pamoja na wajane na watoto wao. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa na wastaafu wa aina hiyo na kuandika historia zao za kazi, ili wakili anapolipokea jalada awe na pa kuanzia. Ninalotaka kulisema ni jambo moja, na mengine yote yatalizunguka hilo. Maradhi ya asbesto hujitokeza kwa kawaida kati ya miaka 20 na 50 baada ya mtu kuvuta vumbi lake, lakini mgonjwa akishaambiwa ana nini na kimetokana na nini, sheria huanza kuhesabu muda wa kudai, na muda huo ni mfupi. Anayesubiri augue ndipo akusanye ushahidi hukuta mashahidi wamekwisha kufa, kiwanda kimefungwa na karatasi zimetupwa.

Nianze na sababu iliyoifanya meli iwe mahali pabaya kuliko pengi. Asbesto ni madini ya nyuzinyuzi yanayochimbwa ardhini, ambayo hayaungui, hayapitishi joto kwa urahisi, hayaozi, na hayakuwa ghali. Meli ya mvuke ni boila, turbini na mabomba ya moto yasiyohesabika, yote yamebanwa ndani ya chuma, na moto ukizuka katikati ya bahari hakuna pa kukimbilia. Kwa hiyo wajenzi waliitia asbesto kila mahali: juu ya mabomba na boila, ndani ya gasketi na vali, katika mbao za kuta za vyumba vya kulala, katika nyaya za umeme, hata katika mablanketi ya kukinga cheche za kuchomelea.

Fundi mmoja mzee alinieleza kazi ilivyokuwa huku akiichora kwa penseli kwenye gazeti. Unga wa asbesto ulifika kwa magunia. Kijana wa kazi alipasua gunia juu ya pipa, akaumimina, akatia maji na kuukoroga kwa mikono mitupu hadi ukawa kama udongo wa kukandika ukuta, kisha mafundi wakaupaka kwenye viungo vya mabomba. Sehemu zilizonyooka zilivikwa vipande vya asbesto vilivyokwisha kuumbwa, navyo vilikatwa kwa msumeno palepale, ndani ya chumba cha injini kisicho na dirisha. Alisema taa zilionekana kama ziko nyuma ya pazia. Wakati wa chakula walijipangusa ovaroli kwa viganja na kuketi juu ya yale magunia. Tena hiyo ilikuwa meli mpya, kwa maana katika meli iliyoletwa kukarabatiwa kifuniko cha zamani kilikuwa kimekauka, kikabomolewa kwa nyundo na patasi, na vumbi lote lilibaki humo humo na watu.

Msidhani walioumia ni wafunika mabomba peke yao. Chumba kimoja kilijaa mafundi bomba, wachomeleaji, mafundi umeme, maseremala, wapaka rangi na wafagiaji, kila mmoja akifanya lake, na wote wakivuta hewa ile ile. Mchomeleaji huniambia, "Mimi sikuwahi kushika asbesto," nami humuuliza nani alikuwa akifanya nini mita tatu kutoka alipopiga magoti. Jibu la swali hilo ndilo huwa mwanzo wa dai lake.

Ubaya wa vumbi hili ulijulikana mapema. Nchini Uingereza, Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto huko Rochdale, alifariki mwaka 1924 kwa mapafu yaliyoharibiwa nalo, na mwaka 1930 Merewether na Price walitoa ripoti ya serikali iliyoonyesha ugonjwa huo ulivyoenea viwandani. Kanuni za kudhibiti vumbi zikatungwa mwaka 1931. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na Marekani peke yake ikaingiza zaidi ya watu milioni 4 katika ujenzi na ukarabati wa meli.

Hapa pana kisa ambacho kila mdai anapaswa kukijua. Mwaka 1946 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wafunika mabomba 1,074 katika viwanda vya meli za kivita za Marekani. Waliokutwa na asbestosisi, yaani mapafu kuota makovu, walikuwa 3 tu, na wachunguzi wakahitimisha kwamba kazi hiyo si ya hatari. Lakini asilimia 95 ya watu wale walikuwa wameifanya kazi hiyo kwa muda usiofika miaka 10, na wale 3 waliougua walikuwa wameifanya kwa zaidi ya miaka 20. Ni sawa na kukagua shamba siku ya pili baada ya kupanda, usione mmea, ukaandika kwamba mbegu hazikuota. Hitimisho lile lilitumika kwa miaka mingi kuwatuliza wafanyakazi, na baadaye likatumika mahakamani kama utetezi wa kampuni.

Mbegu ziliota. Mwaka 1960 Wagner na wenzake nchini Afrika Kusini walieleza wagonjwa 33 wa mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, karibu wote wakiwa na uhusiano na asbesto ya buluu ya machimbo ya Cape. Mwaka 1964 Irving Selikoff wa New York na wenzake wakachapisha takwimu za vifo vya wafunika mabomba wa chama cha wafanyakazi, na tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba hakujua. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu, ya koo la sauti na ya ovari, na kwamba hakuna kiwango cha vumbi lake kinachojulikana kuwa salama.

Mleta uzi (sehemu ya pili: sheria)

Sheria za fidia zilitungwa kwa ajili ya ajali. Mtu akiangukiwa na chuma, siku inajulikana, mahali panajulikana na mwajiri anajulikana. Asbesto iliivuruga hesabu hiyo yote, na mahakama zilichukua muda mrefu kuirekebisha.

Shauri lililofungua mlango Marekani ni la Clarence Borel, aliyefanya kazi ya kufunika mabomba katika viwanda vya meli na vya mafuta kuanzia mwaka 1936 hadi 1969. Hakuwashtaki waajiri wake. Aliwashtaki watengenezaji wa bidhaa za asbesto kwa kutompa onyo. Alifariki kabla shauri halijasikilizwa, mjane wake akaliendeleza, na mwaka 1973 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba mtengenezaji anawajibika kuzijua hatari za bidhaa yake kama mtaalamu anavyozijua, na kumwonya mtumiaji. Uamuzi huo ndio uliofungua mashauri mengi yaliyofuata, hadi Johns-Manville, mtengenezaji mkubwa kuliko wote nchini humo, akaomba ulinzi wa kufilisika mwaka 1982.

Nchini Uingereza tatizo lilikuwa jingine. Fundi wa meli alihama kutoka chelezo kimoja hadi kingine, na sayansi haiwezi kusema nyuzi zilizomletea saratani alizivuta kwa mwajiri yupi. Waajiri walijikinga kwa hoja hiyo: thibitisha kwamba ni mimi. Mwaka 2002, katika shauri la Fairchild, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo ilikataa kumwachia mgonjwa mzigo usiobebeka, ikasema kila mwajiri aliyevunja wajibu wake na kuongeza hatari kwa kiasi cha maana anawajibika. Mwaka 2006 mahakama ile ile ikaamua kwamba kila mmoja alipe sehemu yake tu, jambo lililomaanisha kwamba sehemu ya kampuni iliyokufa ingemwangukia mgonjwa. Bunge halikukaa kimya, na mwaka huo huo likatunga sheria inayomruhusu mgonjwa wa mesothelioma kudai fidia yote kwa yeyote kati yao, nao wakadaiane wenyewe. Kwa maoni yangu huo ni mfano bora wa sheria kukubali kwamba anayeumwa hana miaka ya kusubiri, kwa kuwa wengi wenye mesothelioma huishi mwaka mmoja hadi mmoja na nusu baada ya kugunduliwa.

Sasa suala la muda. Uingereza hutoa miaka 3 tangu mtu alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba ana ugonjwa mzito uliotokana na kazi. Marekani, sheria ya fidia ya wafanyakazi wa bandarini na wa viwanda vya meli ya mwaka 1927 hutoa miaka 2 tangu kuutambua uhusiano kati ya kazi, ugonjwa na ulemavu au kifo, lakini taarifa kwa mwajiri inatakiwa ndani ya mwaka 1. Madai dhidi ya watengenezaji hufuata sheria za majimbo, na yapo majimbo yanayotoa mwaka 1 tu. Katika nchi nyingine yoyote, swali la kwanza kwa wakili liwe hili: muda wangu ulianza kuhesabiwa siku gani?

Fundi Mstaafu

Ahsante kwa uzi huu. Mimi nilikuwa fundi boila miaka 22, na kipimo cha picha cha mwaka jana kimeonyesha mabaka kwenye utando wa mapafu, lakini sisikii maumivu na pumzi ni nzuri. Je, nidai sasa au ningoje? Pia nilivuta sigara hadi nilipofika miaka 50, na jirani ameniambia kwamba sigara imeniondolea haki.

Mleta uzi

Shikamoo, mzee wangu. Nianze na hilo la sigara, kwa sababu limewafanya wengi wakate tamaa bure. Sigara haisababishi mesothelioma wala asbestosisi. Kwa saratani ya mapafu, sigara na asbesto huzidishana. Uchunguzi wa Hammond, Selikoff na Seidman wa mwaka 1979 ulionyesha kwamba ukilinganisha na mtu asiyevuta sigara wala kufanya kazi na asbesto, aliyefanya kazi na asbesto bila kuvuta alikuwa na hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu mara 5 hivi, aliyevuta sigara bila asbesto mara 11, na aliyekuwa na vyote viwili zaidi ya mara 50. Kwa hiyo sigara inaweza kupunguza kiasi cha fidia katika baadhi ya mahakama, lakini haimfuti aliyekuletea vumbi. Na kama kuna anayevuta hadi leo, takwimu hizo ndizo sababu ya kuacha, hata kama ana miaka 70.

Kuhusu mabaka, jibu hutegemea nchi. Uingereza, mahakama ya juu iliamua mwaka 2007 kwamba mabaka yasiyoleta dalili si madhara yanayolipwa, lakini Bunge la Uskoti likatunga sheria mwaka 2009 inayoyatambua kuwa madhara yanayostahili fidia. Kwingine mtu huweza kupokea malipo madogo sasa na kubakiza haki ya kurudi akipata ugonjwa mkubwa. Jambo la hatari ni kusaini karatasi ya malipo ya mwisho kwa ajili ya mabaka, halafu saratani ije baadaye ukute umeshaifunga njia. Mzee, usisaini chochote kabla wakili hajakuonyesha kwa kidole sentensi inayosema nini kitatokea ukiugua zaidi.

Wakati huo huo mwombe daktari aandike kwenye faili maneno "fundi boila, kiwanda cha meli, miaka 22, vumbi la asbesto". Nimeona mafaili ya wagonjwa ambamo kazi ya mtu imeandikwa "mstaafu" na kukomea hapo, na neno hilo moja limewagharimu watoto wake miezi mingi ya kuhangaika.

Mjukuu wa Mchomeleaji

Mkuu, kampuni aliyofanyia kazi babu ilifungwa zamani na eneo lake sasa ni maghala. Tunamdai nani?

Mleta uzi

Kampuni kufa si mwisho wa njia, ndugu yangu. Kwanza tafuteni bima. Anayelipa mara nyingi ni kampuni ya bima iliyomkinga mwajiri katika miaka ile babu aliyovuta vumbi, si ile ya mwaka alipougua, na Uingereza ipo ofisi maalumu ya kufuatilia bima hizo za zamani. Isipopatikana bima wala mwajiri, nchi hiyo imekuwa, tangu sheria ya mwaka 2014, na mfuko unaochangiwa na kampuni za bima kwa ajili ya wagonjwa wa mesothelioma. Ufaransa ina mfuko wa taifa wa waathirika wa asbesto ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2000. Marekani, watengenezaji waliofilisika walilazimika kuacha mifuko ya kuwalipa wagonjwa wa baadaye, na mifuko iliyoanzishwa imepita 60. Kila mfuko hutaka uthibitisho kwamba mdai alikuwa karibu na bidhaa za kampuni husika.

Ndiyo maana narudi kwenye kuandika. Kaeni na babu akiwa na nguvu, asubuhi, kwa saa moja moja. Mwulizeni majina ya meli, si ya kiwanda pekee, kwa kuwa jina la meli humwezesha mtaalamu kutafuta michoro na orodha za vifaa vilivyofungwa ndani yake. Mwulizeni gunia lilikuwa na rangi gani na limeandikwa nini, gasketi zilitoka kwenye boksi la aina gani, nani alifanya kazi kulia kwake na nani kushoto. Kumbukumbu ya mkono hudumu kuliko ya tarehe: nilimwona mzee aliyesahau mwaka wa ndoa yake akichora alama iliyokuwa kwenye gunia bila kusita. Tafuteni hati za mshahara, kadi ya chama cha wafanyakazi, picha za pamoja, kumbukumbu za hifadhi ya jamii. Babu akiwa dhaifu, wakili anaweza kuomba ushahidi wake uchukuliwe kwa kiapo na kurekodiwa mapema, na ushahidi huo hutumika hata akifariki.

Tahadhari moja kwa walio chini ya sheria ile ya Marekani ya mwaka 1927. Mfanyakazi anaweza kupokea fidia ya mwajiri bila kuthibitisha kosa na papo hapo kuwashtaki watengenezaji. Lakini akikubaliana na mtengenezaji kwa kiasi kilicho pungufu ya fidia anayostahili, bila idhini ya maandishi ya mwajiri na bima yake, anaweza kuipoteza fidia yote pamoja na matibabu. Ni mtego mbaya sana, maana mtu huuingia akiwa anadhani ameshinda.

Mwanachelezo

Mimi niko kazini sasa hivi, tunakarabati meli za zamani. Msimamizi anasema asbesto ilipigwa marufuku, kwa hiyo tusiwe na wasiwasi. Tunapewa barakoa za kitambaa.

Mleta uzi

Mkuu, msimamizi wako anachanganya mambo mawili. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulizuia kufunga asbesto mpya melini, kwanza kuanzia Julai 2002 ukibakiza matumizi machache, kisha kuanzia Januari 2011 bila kubakiza kitu. Haukuitoa iliyokwisha kufungwa. Meli iliyojengwa kabla ya hapo ichukuliwe kuwa nayo hadi sampuli zipimwe maabara, na hata katika meli mpya zaidi imewahi kukutwa kwenye gasketi zilizonunuliwa kwa cheti kinachodai hazina. Ulizeni orodha ya vitu vya hatari ya meli hiyo. Mkataba wa Hong Kong kuhusu kuvunja meli, uliopitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika Juni 2025, unaitaka meli iwe na orodha hiyo.

Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi. Kinachotakiwa ni barakoa yenye kichujio cha chembe ndogo inayokaa sawasawa usoni, eneo lililozingirwa, kifuniko kulowanishwa kabla ya kuguswa, na mashine ya kufyonza yenye kichujio hicho. Kufagia kukavu na kupuliza kwa hewa ya kompresa ni marufuku kwa mtu anayejali uhai wa wenzake. Nguo za kazi zisiende nyumbani. Wapo wake waliopata mesothelioma ambao hawakuwahi kukanyaga chelezo, kazi yao ilikuwa kukung'uta na kufua ovaroli.

Kama nchi yako imeridhia Mkataba namba 162 wa mwaka 1986 wa Shirika la Kazi Duniani, hayo si fadhila. Mkataba huo unamtaka mwajiri atoe na kufua nguo za kazi, unakataza zisipelekwe nyumbani, unawapa wafanyakazi haki ya kuziona kumbukumbu za vipimo vya hewa, na unataka vipimo vya afya visivyomgharimu mfanyakazi. Andikeni ombi lenu kwa barua, wekeni nakala yenye tarehe, na piga picha hali ya kazi kila inaporuhusiwa. Barua hiyo inaweza kuleta barakoa sahihi wiki ijayo, na inaweza pia kuwa karatasi pekee itakayobaki miaka 30 kutoka sasa.

Mama Subira

Mume wangu alifariki mwezi uliopita. Cheti kimeandikwa "kushindwa kupumua". Alikuwa fundi bomba wa meli maisha yake yote. Nilikuwa nadhani mambo yameishia kaburini.

Mleta uzi

Pole sana, mama, Mungu akupe nguvu. Hayajaishia kaburini. Katika nchi nyingi mjane na watoto waliomtegemea marehemu wana haki ya kudai kwa jina la mirathi na kwa jina lao wenyewe, na mara nyingi muda wa kudai huhesabiwa upya kuanzia siku ya kifo au siku mlipojua chanzo chake. Nasema mara nyingi, si kila mahali, na kama muda wake ulikuwa umekwisha akiwa hai huenda dai likawa gumu, kwa hiyo mwone wakili wiki hii na usisubiri arobaini ipite.

"Kushindwa kupumua" ni namna alivyokufa, si chanzo. Nenda hospitali alikotibiwa ukaombe kwa maandishi faili lote, picha za mapafu zenyewe na si maelezo yake tu, na uulize kama kilichukuliwa kipande cha nyama kwa uchunguzi. Kama kipo, omba kisitupwe. Maabara huhifadhi vipande hivyo kwa miaka kadhaa kisha huviondoa, na mtaalamu anaweza kuvisoma upya hata mwenyewe akiwa amekwisha kuzikwa. Ukishapata jibu la daktari, chanzo kilichoandikwa kwenye cheti kinaweza kuombewa marekebisho. Kisha wapigie simu wenzake waliobaki, mmoja mmoja, uandike wanachokumbuka, na kila mmoja asaini chini ya maneno yake. Ukikwama mahali popote, andika hapa, nitajibu.